Kingani Ikawa Fifi: Tafakari juu ya Manowari Mateka

Manowari, yaani meli iliyoundwa au kupewa silaha kwa ajili ya vita, ni miongoni mwa mali chache za dola ambazo adui anaweza kuzitwaa zikiwa nzima, akazitengeneza kwa muda mfupi na kuzigeuza dhidi ya wale wale waliozijenga. Ngome ikitekwa hubaki pale ilipo, na askari akitekwa hulazimu kulishwa na kulindwa, huku anayemlinda akijua kwamba moyo wa mfungwa huyo ungali kwao. Meli haina moyo wa namna hiyo. Usukani wake humtii yeyote aushikaye, tanuri lake huwaka kwa kuni za yeyote azitiaye, na mzinga wake hauna habari na anayelengwa; ndiyo maana katika historia ya vita vya majini meli iliyotekwa imethaminiwa kuliko iliyozamishwa, kwa kuwa ya pili humpunguzia adui nguvu basi, ilhali ya kwanza humpunguzia adui na kumwongezea mtekaji kwa tendo moja.

Sheria ya vita ya mataifa ya Ulaya iliutambua utofauti huo. Meli ya biashara iliyokamatwa wakati wa vita ilipaswa kufikishwa mbele ya mahakama ya ngawira, yaani baraza maalumu lililochunguza hati na shehena yake kabla ya kutamka kwamba imekamatwa kwa haki, lakini manowari ya adui ilihesabiwa kuwa mali ya dola iliyoiteka tangu pale iliposhusha bendera yake, kwa maana kushusha bendera ndiko kulikokuwa kusalimu amri. Katika enzi ya matanga, serikali ya Uingereza iliinunua manowari mateka kutoka kwa wale walioiteka, na fedha hizo zikagawanywa kwa mafungu kuanzia kwa amirali hadi kwa baharia wa chini kabisa, aliyepata kiasi kidogo mno. Kwa hiyo nahodha alikuwa na sababu ya kumshinda adui bila kumvunjavunja, kwani kila mlingoti ulioanguka na kila ubao uliotoboka ulipunguza bei ya ngawira. Na asemaye kwamba ushujaa wa siku zile haukuwa na hesabu za sokoni hajazisoma daftari zake.

Walionufaika zaidi na desturi hiyo walikuwa Waingereza katika vita vyao na Wafaransa, vilivyoanza mwaka 1793 na kuendelea, kwa mapumziko mafupi, hadi mwaka 1815. Mfano ulio karibu na pwani ya Waswahili ni wa frigati mbili, frigati ikiwa ni merikebu ya vita yenye milingoti mitatu na safu moja kuu ya mizinga, nyepesi kuliko manowari kubwa za mstari wa mbele na kwa hiyo yenye kasi ya kufukuzia na ya kukimbilia. Ya kwanza, Sibylle, iliundwa Toulon kwa ajili ya Wafaransa, ikatekwa mwaka 1794 katika bandari ya Mykonos huko Ugiriki, na Waingereza wakaliandika jina lake kwa tahajia yao, Sybille, wakaipeleka Bahari ya Hindi. Huko, mwaka 1799, iliiteka katika Ghuba ya Bengali frigati kubwa ya Kifaransa iliyoitwa Forte, ambayo nayo ikaingia utumishi wa Uingereza na kuangamia miaka miwili baadaye kwenye miamba ya karibu na Jeddah. Kisha mwezi Agosti 1801 Sybille ikaingia bandari ya Mahé, Ushelisheli, na kuikuta frigati nyingine ya Kifaransa, La Chiffonne, ikiwa nangani.

Kilichoileta Chiffonne huko kinastahili kuelezwa. Mwezi Desemba 1800 watu fulani walijaribu kumlipua Napoleon Bonaparte kwa baruti katika mtaa mmoja wa Paris, naye akalitumia tukio hilo kuwaondoa wanamapinduzi waliomkera, wengi wao wakiwa hawakuhusika hata kidogo. 32 kati yao walipakiwa katika Chiffonne na kupelekwa Ushelisheli. Walowezi wa Mahé hawakuwataka, na baadaye kundi kubwa la wahamishwa hao lilisukumwa mbele zaidi hadi Nzwani katika Visiwa vya Komoro, ambako wengi walifariki mwaka 1802, akiwemo Jenerali Rossignol, mmoja wa walioivamia Bastille mwaka 1789. Merikebu iliyowachukua ilikuwa imekwisha kupata bwana mwingine, kwani baada ya mapigano mafupi na Sybille ilishusha bendera, na kuanzia hapo ikasafiri kama HMS Chiffonne, herufi hizo tatu zikiwa alama ya meli za mfalme wa Uingereza. Mwezi Novemba 1809, ikiongozwa na Kapteni John Wainwright, ilikuwa manowari kuu ya msafara uliouteketeza mji wa Ras al-Khaimah uliokuwa wa Waqasimi, na mwanzoni mwa mwaka 1810 ilikuwako pia Shinas, kwenye pwani ya Oman, pamoja na majeshi ya Sayyid Said bin Sultan, yule ambaye baadaye angehamishia makao yake Unguja. Merikebu ya Kifaransa, iliyotekwa na merikebu nyingine ya Kifaransa iliyotekwa kabla yake, ilikuwa imefika mahali pa kumsaidia mtawala wa Kiarabu kwa ajili ya njia za biashara za Mwingereza.

Waingereza hawakuzitumia meli za Kifaransa kwa sababu ya uchache wa zao peke yake. Mafundi wa Ufaransa walisifika kwa umbo la meli zao chini ya maji, na wenzao wa Uingereza hawakuona haya kuzipima ngawira kwa kamba na rula na kuziiga: frigati Hébé, iliyotekwa mwaka 1782, ikawa kielelezo cha aina nzima ya frigati za Kiingereza, mojawapo ikiwa Trincomalee, iliyoundwa Bombay kwa msaji mwaka 1817 na ambayo ingali ikielea hadi leo katika bandari ya Hartlepool. Jambo la pili, ambalo litakuwa na maana zaidi mbele ya safari, ni kwamba mara nyingi jina la Kifaransa liliachwa kama lilivyokuwa. Waingereza walipenda kuwa na Chiffonne na Forte katika orodha ya meli zao kwa sababu kila mara jina hilo lilipotamkwa lilikumbusha lilikotoka. Jina lililohifadhiwa lilikuwa sehemu ya ngawira.

Desturi hiyo ya bahari iliyoelekea kufa katika enzi ya chuma na mvuke ilifufuka mahali ambapo hapana aliyeitarajia, yaani kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini, katika maji baridi yanayoonekana kutoka Kigoma na Ujiji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na kati ya maziwa yote ya dunia ni moja tu, Baikal la Urusi, linalolizidi kwa kina. Ujiji, ambamo kata ya Kasingirima imo, ulikuwa mji wa wafanyabiashara na wavuvi kwa miongo mingi kabla ya Mjerumani, kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, mahali ambapo Waha, Wamanyema na watu wa Pwani walikutana na kuoana, na ambapo majahazi ya tanga yaliondoka kwenda ng'ambo kwa pembe za ndovu, chumvi, mafuta ya mawese na, kwa masikitiko makubwa, watumwa. Watu hao walilijua ziwa kama njia. Wajerumani na Wabelgiji ndio walioligeuza kuwa mpaka, na palipo na mpaka hapakosi manowari.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuu, na kwa njia hiyo Ziwa Tanganyika likaunganishwa na Dar es Salaam kwa chuma. Wajerumani tayari walikuwa na stima moja ziwani, Hedwig von Wissmann, iliyoteremshwa majini mwaka 1900 na kupewa jina la mke wa Hermann von Wissmann, yule ofisa aliyewaongoza askari waliovunja upinzani wa Abushiri bin Salim kwenye Pwani mwaka 1889. Baada ya vita kuanza, reli iliwaletea stima ndogo zaidi, Kingani, iliyokuwa ikitumika Pwani kwa kazi za forodha na iliyopewa jina la mto ambao leo wengi wanaujua kama Ruvu. Kwa vyombo hivi walilitawala ziwa: mwezi Agosti 1914 Hedwig iliilemaza stima ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, kwenye ufuko wa magharibi, na stima chache za Waingereza zilizokuwa kusini nazo zikaharibiwa. Kisha ikaja ya tatu, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na kuunganishwa upya chini ya usimamizi wa mafundi watatu wa Kijerumani. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915.

Jibu la Waingereza lilikuwa la ajabu, na waandishi wao hawajachoka kulisimulia. Mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee alilishawishi Baraza la Majini la London kwamba boti ndogo zenye kasi zingeweza kulitwaa ziwa, na mwezi Juni 1915 boti mbili za mbao za mkangazi, kila moja yenye urefu wa futi 40, ziliondoka Uingereza chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ofisa ambaye maendeleo yake jeshini yalikuwa haba na majivuno yake mengi. Alitaka kuziita Mbwa na Paka. Alipokataliwa, akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo kwa Kifaransa cha watoto yana maana ile ile, na safari hii wakubwa wake hawakung'amua. Boti hizo zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa kwa matrekta ya mvuke na kwa maksai kupita milima ya Mitumba, kwenye njia iliyokatwa porini na madaraja ya magogo yaliyotandikwa na vibarua wa Kiafrika, zikarudi tena kwenye reli, zikaelea katika mto Lualaba, na mwishoni mwa mwezi Oktoba zikafika Lukuga, mahali panapoitwa Kalemie leo, penye mto pekee unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika. Kwa mujibu wa masimulizi yanayorudiwa mara kwa mara, watu wa huko walimbandika kamanda huyo, aliyekuwa na mazoea ya kuvaa sketi, jina la Bwana Chifunga-tumbo.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilikuja kupeleleza Lukuga. Mzinga wake mdogo ulikuwa umefungwa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na haukuweza kupiga nyuma; Mimi na Toutou ziliipita nyuma kwa kasi ambayo stima hiyo isingeweza kuifikia, na katika muda wa dakika 11 ikawa imekwisha. Kamanda Junge na baadhi ya watu wake walikuwa wameuawa, bendera ikashushwa, na chombo kilichojaa maji kikakokotwa hadi pwani ya Wabelgiji na kutua mchangani katika maji mafupi. Mbuzi aliyekuwa ndani yake alinusurika. Mafundi waliziba matundu, wakauondoa mzinga wake mdogo na kufunga omo mzinga wa ratili 12, kipimo hicho kikiwa ni cha uzito wa kombora lake, na Kingani ikaandikwa katika jeshi la majini la Uingereza kwa jina jipya, HMS Fifi. Ilikuwa manowari ya kwanza ya Ujerumani kutekwa na kutumikishwa na Waingereza katika vita vile.

Hapa ndipo panapojitokeza tofauti na desturi ya kale. Chiffonne iliachiwa jina lake kwa sababu lilikuwa la adui aliyeheshimiwa, lakini jina la Kingani halikuwa la Kijerumani hata kidogo. Lilikuwa la mto wa Bagamoyo, na kwa Spicer-Simson mto huo haukuwa na chochote cha kumpa majivuno. Akafuata mzaha wake wa awali, akachukua sauti ya ndege mdogo kama alivyochukua sauti za paka na mbwa. Jina moja la Kiafrika lililokuwa kwenye ubavu wa manowari katika ziwa lile likafutwa, na mabadiliko hayo yakafanyika kwa urahisi kiasi kwamba waandishi wengi huyataja kama kichekesho tu. Ni kichekesho kweli. Lakini ni kichekesho cha mtu anayejua kwamba mwenye jina hatamwuliza.

Fifi ilipimwa utii wake baada ya wiki sita. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kumtafuta mwenzake aliyepotea, na Spicer-Simson akatoka kuikabili akiwa ndani ya Fifi, Mimi ikiwa ubavuni, kwa kuwa Toutou ilikuwa imeharibiwa na dhoruba. Mzinga wa ratili 12 ulikuwa mkubwa kupita kiasi kwa stima ile, hata kila ulipopiga, mshindo wake uliizuia Fifi kama mtu aliyesukumwa kifuani, na Hedwig ikazidi kwenda mbali. Mimi ndiyo iliyokimbia mbele na kuisumbua kwa mzinga wake mdogo mpaka ikalazimika kugeuka. Makombora ya Fifi yalibaki machache, moja likakwama mtutuni kwa muda mrefu, na hatimaye yale ya mwisho yakaipata Hedwig katika chumba cha mitambo. Ilizama. Waingereza waliiokoa bendera yake kutoka majini.

Stima hizo mbili zilikuwa zimekaa katika bandari moja ya Kigoma, zikachukua kuni kutoka katika marundo yale yale yaliyokatwa na watu wa ufukoni, na huenda wachochea moto wao walikuwa wakijuana kwa majina. Kisa cha Sybille na Chiffonne kilijirudia ziwani kwa ukamilifu unaotisha kidogo, kwamba chombo kilichotekwa kikatumwa kumwinda ndugu yake. Na ikiwa lipo jambo ambalo manowari mateka inalifundisha zaidi ya historia ya vita, ni kwamba dola hupenda sana kuuamini uaminifu wa vitu vyake, kuviita kwa majina ya wake na magavana, kuvibariki siku ya kuteremshwa majini, ilhali vitu hivyo havijali. Ziwa Nyasa lilitoa mfano wa nusu ya pili ya ndoa ya akina von Wissmann: stima Hermann von Wissmann, iliyolemazwa na Waingereza mwanzoni mwa vita, ilitengenezwa na kufikia mwaka 1918 ilikuwa ikitumika kwao kwa jina la King George. Mke alizama Tanganyika kwa bendera yake. Mume akamaliza vita Nyasa akiwa na jina la mfalme wa adui.

Siku moja baada ya kuzama kwa Hedwig, Graf von Götzen ilionekana mbele ya Lukuga ikiitafuta, na Spicer-Simson, aliyekuwa na ujasiri wa kutosha kwa vyombo vidogo, alikataa kutoka. Mwezi Juni 1916 alikwenda kusini hadi Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg, na huko Wajerumani wakaponyoka kwa mitumbwi mbele ya macho yake. Fifi haikupata tena utukufu wowote vitani. Götzen nayo iliposhambuliwa Kigoma na ndege za majini za Wabelgiji ilikuwa imekwisha kupungukiwa meno, kwani mzinga wake mkubwa, uliotolewa katika manowari Königsberg iliyoangamia katika delta ya Rufiji, ulikuwa umehamishiwa nchi kavu.

Mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Kitendo hicho kina uzito wa pekee katika mada hii. Mafundi walipewa kazi ya kuizamisha meli waliyoiunganisha ili adui asiifanye mateka, na kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo yake grisi nzito ili isile kutu, kwa matumaini kwamba siku moja wangerudi kuitwaa. Walikuwa wanaificha kwa maji. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza, waliokabidhiwa Kigoma na Wabelgiji mwaka 1921, waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo iliyopakwa grisi ikiwa katika hali iliyoweza kutengenezeka, na mwezi Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la zamani ambalo David Livingstone aliliandika katika safari zake kwa ajili ya sehemu ya kusini ya ziwa hilo. Kwa namna hiyo grisi ya Mjerumani ikamtumikia Mwingereza, na baadaye Mtanganyika na Mtanzania.

Ni vigumu kuzifikiria Fifi na Liemba bila kuzilinganisha. Zote mbili zilikuwa za Wajerumani, zote zilizama katika maji ya ziwa moja na kutolewa humo, zote zilipewa majina na Waingereza. Fifi ilibadilishwa jina ili mshindi acheke, ikapewa mzinga uliokuwa mzito kuliko uwezo wake, ikaua, na hapo habari zake zikaisha. Liemba ilinyang'anywa jina la Gustav Adolf von Götzen, gavana aliyekuwapo madarakani wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza kuzimwa kwa moto na njaa, jina ambalo hakuna mtu wa ufukoni angelililia, ikapewa la ziwa lenyewe. Tena ikapewa kazi. Kwa miongo mingi ilishuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, ambako mitumbwi na maboti yalikuja ubavuni kupokea abiria, magunia, madumu, kuku na magodoro, na kupakia dagaa, mchele na mahindi. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha makwao wakimbizi wa Kikongo kwa maelfu, na mwezi Mei 2015 ilikwenda Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, kuwachukua Warundi waliokuwa wamesongamana kwenye ukingo mwembamba wa ufuko huku kipindupindu kikiwamaliza. Ilisimamishwa katika miaka ya karibuni ikihitaji ukarabati mkubwa, na watu wa vijiji vya kusini waliuhisi upungufu huo katika bei ya kila kitu.

Kwa kipimo hicho, swali la ni nani mwenye manowari mateka halijibiwi na mahakama ya ngawira wala na bendera, bali na kazi. Liemba ni ya Watanzania wa ufukoni kwa haki iliyo kubwa kuliko ile ya mabaki ya vita, kwa sababu wameipanda, wameipakia, wameichochea moto, wamezaliwa ndani yake na kusafirisha maiti za jamaa zao kwayo. Hoja ya kwamba meli hiyo ni kumbukumbu ya Ujerumani inayopaswa kutunzwa kama kipande cha makumbusho ina uzuri wake kwa mtalii, lakini inaichukulia miaka michache ya kwanza ya uhai wake kuwa ndiyo kiini, na karne yote iliyofuata kuwa ni nyongeza.

Lakini haki hiyo ina pengo. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo ilivuta msukumo kutoka katika vita hivi, na filamu iliyotokana nayo mwaka 1951, zimeifanya dunia imjue Mwingereza aliye ndani ya boti bovu. Vitabu vya historia vimemhifadhi Spicer-Simson na sketi yake, Junge na kifo chake, mafundi watatu wa Papenburg kwa majina yao matatu, na hata mbuzi wa Kingani. Waliokata kuni, waliochochea moto ndani ya Kingani wakatekwa pamoja nayo, waliobeba mizigo na kutandika magogo Mitumba, waliobeba masanduku 5,000 kutoka stesheni hadi penye fremu za Götzen, na waliozama na Hedwig, hutajwa kwa ujumla: wenyeji, vibarua, mabaharia Waafrika. Hao nao walibadilishiwa bendera bila kuulizwa, wakamtumikia Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza mmoja baada ya mwingine, na tofauti yao na meli ni kwamba wao walikuwa na mioyo na walijua kilichokuwa kikitendeka.

Wajukuu na vitukuu vyao wamo Kasingirima, Gungu, Kibirizi, Bangwe na ng'ambo Kalemie, na katika nyumba nyingi bado kuna wazee wanaoweza kutaja babu aliyekuwa mchochea moto, nahodha msaidizi au mpakizi wa bandarini tangu siku za Mwingereza, na baadhi waliosikia kwa masikio yao habari za siku za Mjerumani. Manispaa ya Kigoma-Ujiji, shule za sekondari za mji huo na jumba la kumbukumbu la Livingstone lililopo Ujiji zinayo sababu ya kutosha ya kuyakusanya majina hayo sasa, nyumba kwa nyumba, kwa daftari na kinasa sauti, na kuyaandika mahali ambapo abiria wa Liemba watayasoma.